Arthur Schopenhauer: Mwanafalsafa aliyesema maisha ni mateso, na alichosema baada ya hapo

Kila tunapofungua simu za wasikilizaji katika kipindi cha jioni na mada ikawa ni ugumu wa maisha, hakosi mmoja wa kusema kwamba maisha ni mateso tu, na kwamba hata wasomi wakubwa wamelithibitisha hilo. Mara nyingi maneno hayo huwa yametoka kwenye picha zinazosambazwa kwenye simu: uso wa mzee mwenye macho makali na nywele nyeupe zilizosimama pembeni mwa kichwa, na chini yake sentensi moja ya kukatisha tamaa. Mzee huyo ni Arthur Schopenhauer, mwanafalsafa wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1860.

Makala hii inaeleza Schopenhauer alikuwa nani, kwa nini aliamini kwamba mateso ndiyo hali ya kawaida ya binadamu, na alifikiri tufanye nini baada ya kulijua hilo. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ambayo picha za kwenye simu huiacha. Kuiacha kuna madhara, kwa sababu mtu aliyeelemewa akipewa nusu ya kwanza tu ya hoja anaweza kudhani mwanafalsafa huyo alimwambia kwamba hakuna la kufanya. Hakusema hivyo.

Mtoto wa mfanyabiashara

Schopenhauer alizaliwa tarehe 22 Februari 1788 katika mji wa bandari wa Danzig, ambao leo unaitwa Gdańsk na uko Poland. Baba yake, Heinrich Floris, alikuwa mfanyabiashara tajiri aliyetaka mwanawe arithi kazi yake. Hata jina Arthur alilichagua kwa hesabu za biashara, kwa sababu linaandikwa vilevile kwa Kijerumani, Kiingereza na Kifaransa. Mwaka 1793, Prussia ilipoutwaa mji huo, familia ilihamia Hamburg. Arthur alipofikisha miaka 9 alipelekwa Le Havre nchini Ufaransa, akaishi miaka 2 na familia ya mshirika wa baba yake kibiashara. Aliporudi alikuwa anazungumza Kifaransa kama mwenyeji, na Kijerumani chake kilikuwa kimeanza kumpotea.

Akiwa na miaka 15, baba yake alimpa chaguo. Abaki Hamburg ajiandae kwa masomo ya chuo kikuu, au asafiri na wazazi wake kuizunguka Ulaya kwa sharti kwamba akirudi ataingia kwenye biashara. Kijana alichagua safari. Kuanzia mwaka 1803 hadi 1804 walipita Uholanzi, Uingereza, Ufaransa, Uswisi na Austria.

Safari hiyo ilimfunza jambo ambalo baba hakulikusudia. Huko Toulon, kusini mwa Ufaransa, aliwaona wafungwa wa kazi ngumu waliofungwa minyororo bandarini, wengine wakiwa wamehukumiwa kifungo cha maisha. Picha hiyo haikumtoka. Alipokuwa mtu mzima alikumbuka jinsi taabu ya maisha ilivyomshika katika mwaka wake wa 17, akajifananisha na Buddha ambaye, kwa mujibu wa masimulizi, alibadilika alipouona kwa mara ya kwanza ugonjwa, uzee, maumivu na kifo.

Aprili 1805 baba yake alikutwa amekufa kwenye mfereji wa maji nyuma ya nyumba yao ya Hamburg. Rasmi ilisemwa ni ajali, lakini Arthur mwenyewe aliamini kwamba baba yake alijiua. Kwa karibu miaka 2 aliendelea na kazi ya biashara aliyoichukia, kwa sababu alikuwa amempa marehemu ahadi.

Mama yake, Johanna, alihamia Weimar pamoja na binti yake Adele. Huko akafungua nyumba yake kwa wasanii na waandishi, akiwemo Goethe, na baadaye akawa mwandishi wa riwaya anayejulikana. Ni yeye aliyemruhusu Arthur aache biashara mwaka 1807. Hata hivyo mama na mwana hawakuivana. Mwaka 1814 waligombana kwa mara ya mwisho, na hawakuonana tena hadi mama alipofariki mwaka 1838.

Kitabu kikubwa kisichosomwa

Schopenhauer alianza chuo kikuu cha Göttingen mwaka 1809 kama mwanafunzi wa tiba, kisha akahamia falsafa. Mwalimu wake, Gottlob Ernst Schulze, alimshauri aanze na watu wawili kabla ya kusoma wengine: Plato na Kant. Ushauri huo aliufuata maisha yake yote. Mwaka 1813 alipata shahada ya udaktari kutoka chuo kikuu cha Jena.

Muda si mrefu baada ya hapo aliongeza mwalimu wa tatu kutoka mbali. Alipata tafsiri ya Kilatini ya Upanishad, maandiko ya kale ya India, ambayo ilikuwa imetafsiriwa kutoka Kiajemi. Ingawa maneno yalikuwa yamepita katika lugha mbili kabla ya kumfikia, aliyaona kuwa faraja ya maisha yake. Alikuwa miongoni mwa wanafalsafa wa kwanza wakubwa wa Ulaya kuyachukua mawazo ya Wahindu na Wabuddha kama falsafa kamili, na si kama simulizi za kushangaza tu kutoka nchi za mbali.

Mwisho wa mwaka 1818, akiwa na miaka 30, alichapisha kitabu chake kikuu, Dunia kama Utashi na Taswira. Aliamini ametegua kitendawili cha dunia. Wasomaji hawakuja. Miaka ilipopita akaambiwa kwamba sehemu kubwa ya nakala ilikuwa imeuzwa kama karatasi chakavu.

Mwaka 1820 alipata nafasi ya kufundisha katika chuo kikuu cha Berlin. Wakati huo Hegel ndiye aliyekuwa mwanafalsafa maarufu kuliko wote Ujerumani, naye alifundisha hapohapo. Schopenhauer, ambaye alimwona Hegel kuwa mpiga porojo, alipanga mihadhara yake kwa makusudi katika saa ileile ya Hegel. Ukumbi wa Hegel ulijaa. Wa Schopenhauer ulikuwa na watu wachache sana, na haukuchukua muda akaacha.

Mwaka 1831 kipindupindu kilipoingia Berlin, alikimbia. Hegel alibaki, akafariki Novemba mwaka huohuo. Tangu 1833 Schopenhauer aliishi Frankfurt bila kuoa, akitumia urithi wa baba yake. Ratiba yake haikubadilika: asubuhi kuandika, kisha kupiga filimbi, chakula cha mchana hotelini, halafu matembezi marefu na mbwa wake. Mbwa mmoja alipokufa alinunua mwingine wa aina ileile, na aliwaita kwa jina lilelile la Atma, neno la Kisanskriti lenye maana ya nafsi au roho.

Umaarufu ulimfikia akiwa na miaka zaidi ya 60. Mwaka 1851 alitoa mkusanyiko wa insha uitwao Parerga und Paralipomena, na malipo aliyopewa na mchapishaji yalikuwa nakala 10 za kitabu. Insha hizo ziliandikwa kwa lugha ambayo mtu wa kawaida angeielewa, na miaka 2 baadaye makala moja katika jarida la Uingereza, Westminster Review, ikalitangaza jina lake. Watu wakaanza kukirudia kile kitabu cha 1818.

Redio na mawimbi: msingi wa hoja yake

Ili kuelewa kwa nini Schopenhauer aliona maisha kuwa mateso, inabidi kuanza na swali ambalo halionekani kuhusu mateso hata kidogo: je, dunia tunayoiona ndiyo dunia ilivyo?

Kutoka kwa Kant alichukua jibu kwamba sivyo. Tunachokijua ni dunia jinsi inavyopokelewa na akili yetu. Tuchukue mfano wa karibu na kazi yetu. Redio yenye masafa ya FM pekee itakupa FM pekee. Mawimbi mengine yamejaa hewani muda huohuo, ila chombo hakina uwezo wa kuyapokea. Akili ya binadamu nayo ni chombo. Inapokea kila kitu katika nafasi, katika wakati, na kwa utaratibu wa sababu na matokeo. Dunia hii ya kupokelewa ndiyo Schopenhauer aliyoiita taswira.

Kant aliishia hapo, akasema yaliyo nyuma ya taswira hatuwezi kuyajua. Schopenhauer alisema kuna mlango mmoja, nao ni mwili wako mwenyewe. Mkono wako unaweza kuuona kwa nje, kama unavyoona jiwe au mti. Lakini unaujua pia kwa ndani: unataka kushika kikombe, na mkono unakwenda. Kwa nje ni nyama na mifupa inayosogea, na kwa ndani ni kutaka. Huko kutaka alikuita utashi.

Kisha akapiga hatua kubwa. Kama mimi kwa ndani ni utashi, alisema, basi na vitu vyote kwa ndani ni hivyohivyo. Mbegu inayopasua udongo, simba anayewinda, mtoto mchanga anayelilia ziwa, hata maji yanayoteremka bondeni, vyote ni utashi mmoja unaojitokeza kwa sura nyingi.

Utashi huu hauna akili wala lengo. Unataka tu. Schopenhauer alitoa mfano wa fuko, mnyama mdogo anayechimba chini ya ardhi. Fuko ana miguu mipana kama sepetu, anaishi gizani, na kazi yake yote ni kuchimba. Anapata nini? Chakula cha kumwezesha kuendelea kuchimba, na kizazi kitakachochimba baada yake. Mwanafalsafa huyo aliona kwamba maisha ya wengi wetu hayako mbali sana na ya fuko, ila sisi tunafanya kazi juu ya ardhi na tunajipa sababu.

Kwa nini kutaka kunaleta maumivu

Hapa ndipo hoja ya mateso inapoingia. Kutaka maana yake ni kukosa. Anayetaka maji ana kiu, anayetaka kazi hana kazi, na anayetaka mwenza ana upweke. Kwa hiyo kila kutaka huanza na maumivu ya aina fulani.

Je, tukipata? Mtu aliyetafuta ajira miaka 3 akaipata, hufurahi kwa wiki kadhaa. Baada ya hapo ajira inakuwa jambo la kawaida, na macho yanahamia kwenye cheo, kiwanja, gari. Na ikitokea mtu amepata yote na hana tena cha kutamani, hapati amani. Anapata uchovu wa moyo, hajui afanye nini na siku yake. Schopenhauer alifananisha maisha na ule uzito unaoning'inia kwenye saa za ukutani za zamani, unaoyumba huku na huku bila kusimama: upande mmoja maumivu, upande wa pili uchovu wa kukosa la kutaka. Wahenga wetu nao waliligusa jambo hili waliposema dunia ni tambara bovu, ingawa wao walikuwa wanaonya na yeye alikuwa anajenga nadharia.

Alisema pia kwamba maumivu yana uzito ambao raha haina. Mwili wako mzima ukiwa salama huusikii, lakini kiatu kikikubana kidole kimoja, akili yako yote inahamia kwenye kidole hicho. Afya tunaijua tukiugua, na amani tunaijua ikitoweka. Kwa anayedhani raha na maumivu duniani vinalingana, alitoa jaribio la mawazo: linganisha raha ya mnyama anayekula na maumivu ya mnyama anayeliwa.

Tabia ya binadamu na nungunungu

Kuhusu tabia ya binadamu, Schopenhauer hakuwa na matumaini makubwa. Mwaka 1839 chama cha wasomi cha kifalme cha Norway kilimpa tuzo kwa insha yake kuhusu uhuru wa utashi. Hoja yake inaweza kuelezwa kwa mfano wa mgahawani. Mtu yuko huru kuagiza chai au kahawa. Lakini hakuna siku aliyokaa akaamua kwamba atakuwa mtu wa kupenda kahawa. Tunatenda tunachotaka, na tunachotaka kinatokana na tabia ambayo hatukuichagua. Kwa maoni yake tabia hiyo haibadiliki, ila tunaifahamu zaidi kadiri umri unavyosogea.

Mfano wake unaopendwa zaidi ni wa nungunungu. Siku ya baridi kali nungunungu walisogeleana wapate joto. Walipokaribiana wakachomana kwa miiba, wakaachana. Baridi ikawazidi, wakasogeleana tena, wakachomana tena. Wakaendelea hivyo mpaka wakapata umbali wa kati, ambapo joto linapatikana kiasi na miiba haifiki. Kwa binadamu, alisema, umbali huo ni adabu. Upweke unatusukuma tukaribiane, na kasoro zetu zinatusukuma tuachane. Aliongeza kwamba mwenye joto lake mwenyewe ndani anaweza kukaa mbali zaidi. Bila shaka alikuwa anajizungumzia.

Alisema nini kuhusu kujiua?

Swali hili huulizwa sana, na ni vema kulijibu waziwazi. Schopenhauer alipinga sheria na mahubiri ya wakati wake yaliyomchukulia aliyejiua kama mhalifu na kumnyima heshima za mazishi. Kwa mtu aliyempoteza baba yake kwenye mfereji wa Hamburg, msimamo huo haushangazi.

Lakini hakukubali kwamba kujiua ni suluhisho. Alikuita kosa, na sababu yake inatokana moja kwa moja na falsafa yake. Mtu anayetaka kujiua, alisema, hajaacha kuyataka maisha. Anayataka sana, ila hataki hali aliyomo. Angepewa maisha bila maumivu hayo, angeyapokea kwa mikono miwili. Kwa hiyo kitendo chake hakiondoi chanzo cha mateso, kinamwondoa yeye tu.

Anayesikia mtu wake wa karibu akisema hataki kuishi anaweza kuokota jambo la maana hapo. Mara nyingi maneno hayo yana maana ya "siwezi kuendelea kuishi hivi". Neno "hivi" ndilo la kuulizia.

Njia tatu za kupumua

Schopenhauer alitaja njia tatu ambazo binadamu anaweza kupunguza au kuvunja nguvu ya utashi.

Ya kwanza ni sanaa. Unaposikiliza muziki mzuri au kutazama mandhari ukajisahau, kwa dakika chache huna unachotaka. Hufikirii deni wala kesho. Muziki aliupa nafasi ya juu kuliko sanaa zote, kwa sababu hauigi vitu vya nje kama uchoraji, bali unaugusa utashi wenyewe moja kwa moja. Yeye mwenyewe aliwapenda Mozart na Rossini. Kasoro ya njia hii ni kwamba haidumu. Wimbo unaisha, na deni liko palepale.

Ya pili ni huruma, ambayo tutaieleza kwa kirefu hapa chini.

Ya tatu ni kuukana utashi kabisa, kama walivyofanya watawa wa Kihindu, Wabuddha na baadhi ya watakatifu wa Kikristo waliokataa mali, ndoa na anasa. Schopenhauer aliwaheshimu sana, na nyumbani kwake Frankfurt aliweka sanamu ya Buddha. Hata hivyo hakuwahi kudai kwamba yeye ni mmoja wao. Alikula vizuri hotelini na aliulinda urithi wake kwa makini.

Huruma: nusu iliyoachwa

Aliandika pia insha kuhusu msingi wa maadili kwa shindano la chama cha wasomi cha kifalme cha Denmark. Alikuwa mshiriki pekee, na bado alinyimwa tuzo, mojawapo ya sababu ikiwa ni kuwatukana wanafalsafa wakubwa. Hata hivyo ndani ya insha hiyo mna wazo lake lenye ubinadamu zaidi.

Alisema matendo ya watu yanatokana na vyanzo vitatu. Kuna ubinafsi, unaotafuta mema yangu. Kuna uovu, unaotafuta mabaya ya mwingine. Na kuna huruma, inayotafuta mema ya mwingine. Ni kile cha tatu tu kinachokipa kitendo thamani ya kimaadili. Kutoka kwenye huruma zinatoka fadhila mbili: haki, yaani kutomdhuru mtu, na upendo, yaani kumsaidia kadiri uwezavyo.

Huruma inawezekanaje, ikiwa kila kiumbe anavuta upande wake? Jibu linarudi kwenye utashi. Kama wewe na mimi kwa ndani ni kitu kimoja, basi ukuta unaotutenganisha ni sehemu ya taswira, ni jinsi tu tunavyopokea dunia. Mwenye roho mbaya anauona ukuta huo kuwa mnene kabisa, na mwenye huruma anaona ng'ambo yake. Anapomwona mwingine akiumia, anajiona mwenyewe. Kwa hoja hiyohiyo Schopenhauer aliwatetea wanyama, akiwalaumu wanafalsafa wa Ulaya kwa kuwafanya kama vitu. Na aliposoma ripoti juu ya utumwa nchini Marekani, iliyochapishwa London mwaka 1841, aliiona kuwa shitaka zito mno dhidi ya binadamu wote.

Katika insha za 1851 alitoa pendekezo ambalo huenda wasomaji wake Ulaya walilichukulia kama mzaha. Alisema badala ya kuitana bwana, watu wangeitana wenzangu katika mateso. Anwani hiyo, aliona, ingetukumbusha kile ambacho kila mmoja anakihitaji na kwa hiyo kila mmoja anadaiwa: uvumilivu, subira, na upendo kwa jirani.

Kwa msemaji wa Kiswahili pendekezo hilo halina ugeni mkubwa. Tunamwambia mtu pole na kazi, pole na safari, pole na kuuguza, hata kama si sisi tuliomletea shida na hata kama hatuna la kumsaidia. Tunamwita mtu tusiyemjua mwenzangu, kwenye foleni ya hospitali au kwenye basi lililoharibika njiani. Neno pole halidai kwamba tatizo limekwisha. Linasema tu kwamba nimeona umebeba mzigo. Schopenhauer aliyafikia hayo kwa kupita Kant na Upanishad. Sisi tulirithishwa kwenye salamu, na pengine ndiyo maana tunayasema haraka bila kumtazama tunayemwambia.

Mapungufu yake

Si haki kumsoma mtu huyu bila kutaja makosa yake. Mwaka 1821 huko Berlin aligombana na fundi cherehani aitwaye Caroline Marquet kwa sababu ya kelele nje ya mlango wa vyumba vyake, akamtoa kwa nguvu, mama huyo akaumia. Baada ya kesi ndefu mahakama ilimwamuru amlipe thaler 60 kila mwaka kwa maisha yake yote. Alipofariki, Schopenhauer aliandika maneno ya kebehi juu ya cheti cha kifo, akifurahia kutuliwa mzigo. Kweli aliyeandika juu ya huruma hakuionyesha siku hiyo.

Insha yake ya 1851 kuhusu wanawake imejaa dharau na haina utetezi, na maandishi yake yana pia maneno ya chuki dhidi ya Uyahudi. Mwaka 1848, askari walipoingia kwake ili wawafyatulie risasi waandamanaji wa Frankfurt, aliwapatia darubini yake ndogo ya kuangalizia maonyesho ili walenge vizuri zaidi.

Kuna pia swali la hali yake ya kipato. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mtu huyu hakuwahi kukosa chakula. Maumivu ya uchovu wa kukosa la kufanya ni tatizo la aliyekwisha kula. Anayeamka saa kumi alfajiri kwenda sokoni hana nafasi ya kuyapata.

Na hoja yenyewe ina matundu. Kwamba mimi kwa ndani ni kutaka, haithibitishi kwamba jiwe nalo ni hivyo. Wengi wamejibu pia kwamba kutaka si maumivu siku zote: mtoto anayengoja sikukuu ana furaha katika kungoja kwenyewe. Friedrich Nietzsche, aliyekiokota kitabu chake katika duka la vitabu la Leipzig mwaka 1865 na kukipenda mno, baadaye aliachana naye kwa sababu hiyo. Nietzsche alitaka falsafa inayoyasema maisha ndiyo, pamoja na maumivu yake.

Urithi wake

Schopenhauer alifariki Frankfurt tarehe 21 Septemba 1860, akiwa na miaka 72. Kaburi lake lina jiwe lenye jina lake tu, bila tarehe wala cheo. Wagner alimsoma mwaka 1854 na muziki wake ukabadilika. Tolstoy alimsoma kwa shauku kubwa mwaka 1869. Freud alikiri kwamba Schopenhauer alitangulia kuona jinsi binadamu anavyoendeshwa na nguvu asizozifahamu ndani yake.

Kwa hiyo, picha ile yenye nywele nyeupe ikikufikia tena kwenye simu, unaweza kukubali au kukataa kwamba maisha ni mateso. Wanafalsafa bado wanabishana. Lakini ujue kwamba aliyeyasema hayo hakuyaweka kama mwisho wa mazungumzo. Aliyaweka kama sababu ya kumvumilia jirani, kumhurumia mnyama, na kutomwongezea mzigo mtu ambaye tayari anao wake.

Na kama aliyekutumia picha hiyo ni rafiki au ndugu ambaye siku hizi amekuwa kimya, usimjibu kwa mjadala. Mpigie. Mwambie pole, kisha nyamaza asimulie. Na kama ni wewe unayesoma hapa usiku peke yako, mwamshe mtu mmoja unayemwamini, au nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe kukipambazuka, useme neno lile lile: siwezi kuendelea hivi. Kuna watu watakaouliza "hivi" ni vipi.